Deni la Kungojwa

Wahenga walituachia neno fupi: ahadi ni deni. Neno hilo nimelifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza darasani, kisha nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, mpaka nilipostaafu. Wanachuo wangu waliliandika katika madaftari yao, na hapana shaka wengi wao wamewafundisha watoto wa watu wengine. Lakini kulijua neno ni jambo moja, na kulitii ni jambo jingine. Katika insha hii nataka kueleza jinsi nilivyolivunja mimi mwenyewe, katika uzee wangu, ugenini, mbele ya mtu nisiyemjua. Kisha nitauliza swali ambalo tangu siku hiyo halijaniacha: mtu uliyemlipa ili akungoje, je, wewe unamdai au yeye anakudai?

Mwaka 2023 mjukuu wangu alimaliza shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Ca' Foscari, mjini Venice, nchini Italia. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1868 kama shule ya biashara, na hata leo kinasifika kwa masomo ya lugha. Mjukuu wangu alitaka babu yake ahudhurie mahafali. Watoto wangu walichangishana nauli, na mimi nikashughulikia hati za safari kwa subira ambayo kila aliyewahi kuomba viza anaifahamu. Siku chache kabla ya kuondoka mjukuu alinipigia simu akasema, "Babu, usihangaike na njia ya kutoka uwanja wa ndege. Nimeshakuagizia boti. Utakuta mtu ameshika kibao chenye jina lako. Wewe mfuate tu, atakufikisha hadi mlangoni pa hoteli."

Msomaji ambaye hajafika huko hana budi kuelezwa jinsi mji wenyewe ulivyo, maana kisa changu hakieleweki bila hilo. Venice umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya mia moja, ndani ya ziwa la maji ya chumvi lililotengwa na bahari kwa visiwa vyembamba vya mchanga. Visiwa hivyo vimeunganishwa kwa madaraja zaidi ya mia nne, na mengi ya madaraja hayo yana ngazi za kupanda na kushuka. Gari haliingii, wala baiskeli. Mgonjwa hupelekwa hospitali kwa boti, takataka huzolewa kwa boti, na maiti huvushwa kwa boti hadi kisiwa cha makaburi cha San Michele.

Uwanja wa ndege uko bara, mahali paitwapo Tessera, kandokando ya maji hayo. Kutoka hapo msafiri ana njia tatu. Ya kwanza ni basi, ambalo hupita juu ya daraja la karibu kilometa 4, lililofunguliwa mwaka 1933 ubavuni mwa lile la reli la mwaka 1846, na kukomea Piazzale Roma, ambako safari ya magari huishia. Ya pili ni boti kubwa ya abiria wengi, inayosimama kituo hadi kituo. Ya tatu ni teksi ya maji: boti ndogo ya mbao iliyong'arishwa, yenye viti vya ngozi chini ya paa, ambayo humchukua msafiri gatini na kumshusha kwenye ngazi za hoteli yake, iwapo hoteli hiyo ina mlango wa majini. Teksi hiyo yaweza kuagizwa siku nyingi kabla. Unatoa jina lako, nambari ya ndege, idadi ya watu na ya masanduku, na jina la hoteli. Unalipa kabisa. Kuanzia hapo kuna mtu mahali fulani ambaye siku na saa yake imefungwa kwa jina lako.

Mjukuu alinitumia karatasi za agizo hilo, nami nikaenda duka la stesheneri kuzichapisha. Zilikuwa kurasa mbili. Kwa kuwa kila ukurasa ulikuwa na bei yake, nilimwambia kijana wa dukani anichapishie ule wa kwanza tu, wenye jina langu na anwani ya hoteli. Naomba msomaji aukumbuke uchoyo huo mdogo.

Niliuliza bei ya boti. Mjukuu hakutaka kunitajia. Mama yake, binti yangu aliyeko Dar es Salaam, ndiye aliyeniambia: euro 140, yaani kama laki tatu na nusu za Tanzania. Nilikaa kimya kwa muda. Nilijua kwamba msichana yule alikuwa akiosha vyombo usiku katika mkahawa ili ajikimu. Nilijua pia kwamba nauli ya basi haifiki hata sehemu ya kumi ya fedha hiyo. Na palikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza kwangu, iliyolala ndani zaidi. Mimi ni mtu niliyekuwa kijana wa shule wakati Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967. Tulifundishwa, nasi tukafundisha, kwamba mtu asijitenge na wenzake kwa starehe asizozihitaji. Picha ya mimi, mwalimu mstaafu, nimekaa peke yangu katika boti ya kifahari kama bwana mkubwa, wakati wengine wamesongamana katika basi, ilinichoma. Nilijiambia: heshima ya kununuliwa si heshima. Kwetu mgeni hupokewa kwa sababu ni mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku mapokezi yanauzwa kama sabuni.

Nilisafiri na fikra hizo, na zilikuwa zimeiva kabisa ndege ilipotua, saa 11 jioni. Baada ya kukaguliwa na kungoja sanduku langu nilitoka katika ukumbi wa kuwasili. Watu wengi walikuwa wamesimama na vibao vyao. Mmoja wao alikuwa na jina langu.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu ningeweza kumwambia msomaji kwamba sikumwona. Nilimwona. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi na miwani, amevaa koti la buluu. Jina langu aliliandika kwa herufi kubwa, bila kosa hata moja, jambo ambalo hata ofisi za nchini mwangu hushindwa mara nyingine. Alikuwa akimtazama kila msafiri usoni, mmoja baada ya mwingine. Macho yake yalipoanza kuja upande wangu niliinamisha kofia, nikatazama saa yangu kama mtu mwenye shughuli, nikampita.

Nilikuwa na hoja zangu. Nilijiambia kwamba asiyepanda chombo hatozwi nauli, kwa hiyo fedha za mtoto zitarudi, zote au nusu. Nilijiambia kwamba yule bwana ataona sikutokea, atakwenda zake nyumbani mapema, naye atafurahi. Nilijiambia pia kwamba mimi si mtoto wa kushikwa mkono. Basi lilikuwa nje. Nilikata tiketi, nikakaa dirishani, na tulipokuwa tukivuka lile daraja refu, maji kulia na kushoto, nilijiona mtu wa haki.

Haki hiyo iliishia Piazzale Roma. Hoteli ilikuwa katika mtaa wa Cannaregio, na mimi nilidhani kwamba mwenye anwani hapotei. Kumbe Venice hauhesabu nyumba kwa njia, bali kwa mtaa mzima. Mji una mitaa mikuu sita, na kila mtaa una mfululizo wake mmoja wa nambari. Katika Cannaregio nambari hizo huvuka elfu sita, nazo hupindapinda kufuata vichochoro, hata nyumba mbili zinazotazamana zaweza kuachana kwa mamia. Nilipanda daraja lile jipya la mwaka 2008 lenye ngazi za kioo, nikivuta sanduku hatua kwa hatua. Nikapita stesheni ya reli, nikauliza njia kwa Kiingereza changu cha darasani, nikaelekezwa kwa mikono, nikaingia kichochoro kilichokoma ghafla majini. Nikarudi. Giza likaingia. Simu yangu haikuwa na mtandao nje ya nchi. Nilifika hotelini saa 2 na nusu usiku, magoti yakitetemeka, gurudumu moja la sanduku limeng'oka.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakunikumbatia kwanza. Alisema, "Babu, ulikuwa wapi? Yule baba amekungoja mpaka saa 2. Amekutafuta kila mahali."

Polepole nikaelezwa. Yule mwendesha boti alipoona abiria wamekwisha, na mimi sikutokea, alimpigia simu mjukuu wangu. Mjukuu akamjibu kwamba nilikwishapanda ndege, hilo lilikuwa la hakika, na kwamba mimi ni mzee wa zaidi ya miaka sabini. Tangu hapo yule mtu hakushika kibao tena, alianza kutafuta. Aliomba jina langu litangazwe katika vipaza sauti, likatangazwa mara mbili. Aliuliza katika chumba cha huduma ya kwanza. Aliingia msalani akaita. Safari yake iliyofuata alimpa mwenzake. Wakati huohuo mjukuu alimpigia simu mama yake, na binti yangu, saa 4 za usiku kwa saa za kwetu, akaanza kuwaamsha ndugu zake. Nyumba tatu nchini Tanzania hazikulala kwa sababu ya kofia niliyoinamisha.

Na ule ukurasa wa pili, ambao sikuuchapisha, ulikuwa umeeleza kila kitu. Kungoja ni bure kwa dakika sitini tangu ndege kutua. Baada ya hapo kila saa ina malipo yake. Agizo linaloghairiwa chini ya saa ishirini na nne kabla ya safari halirudishiwi fedha. Mjukuu wangu alipoteza zote, na juu yake alilipishwa saa za ziada.

Lakini simwombi msomaji achukue fundisho katika fedha. Hata kama zingerudishwa zote, na hata kama mji ungekuwa rahisi kama uwanja wa shule, swali langu lingebaki palepale. Usiku ule sikulala, na sababu haikuwa magoti.

Mwaka 1986 nilikuwa makamu wa mkuu katika chuo kimoja kilichokuwa mwendo wa saa kadhaa kutoka stesheni ya Reli ya Kati. Tulipangiwa mkufunzi mpya. Tulimtuma mhudumu wa chuo, mtu mzima mwenye familia, ampokee stesheni na baiskeli ya kubebea mizigo, na tulimwandikia mkufunzi barua kumweleza hivyo. Treni ilichelewa. Mhudumu alilala stesheni juu ya benchi, akashinda hapo, akalala tena. Kumbe mkufunzi alishuka stesheni ya nyuma yake, akapata lifti ya lori, akafika chuoni, akaoga, akala, akalala. Hakumwambia mtu yeyote kwamba kuna mwenzake anamngoja. Tulipogundua na kumtumia mhudumu ujumbe arudi, ilikuwa siku ya tatu. Alirudi miguu imevimba, na mahindi yake yamekwisha kuliwa na nyani kwa kukosa mlinzi.

Nilimwita mkufunzi yule ofisini. Alijitetea kwamba mhudumu ni mwajiriwa, analipwa mshahara, na kungoja ni sehemu ya kazi yake. Nilimjibu kwa sauti iliyosikika hadi bwenini: "Mwalimu, mtu anayekungoja hajui kama umefika salama au umekufa. Wewe peke yako ndiye unayejua, na kwa hiyo wewe ndiye mwenye deni." Maneno yangu mwenyewe yalinirudia pale kitandani, Cannaregio, baada ya miaka thelathini na saba, na sauti ilikuwa ileile.

Nimelieleza jambo hili kwa rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, ambaye hucheza naye bao jioni. Yeye ni mtu wa hesabu, na hakubaliani nami. Hoja zake ni tatu, nami nitazitoa kwa uaminifu kwa kuwa zina nguvu.

Kwanza, asema, mkataba ni mkataba. Yule bwana aliuza saa zake, saa zikanunuliwa, zikalipwa hadi ile ya mwisho. Ametoka bila hasara. Pili, mwenye kununua kitu ana hiari ya kutokitumia. Ukinunua mkate ukauacha mezani, mwokaji hana neno. Tatu, tukianza kusema kwamba kila mtu tunayemlipa anatudai zaidi ya malipo, biashara haitakuwepo, tutarudi kwenye dunia ya fadhila na masimango, ambako hakuna deni lenye mwisho. Ni afadhali fedha, asema, kwa sababu fedha hufunga hesabu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, na sehemu yake naikubali. Fedha ina uungwana wake. Mtu aliyelipa anaweza kuondoka bila kuinama. Ndiyo maana mtu fukara hupenda kulipa nauli yake mwenyewe. Nami nasahihisha hapa kosa langu la kwanza: nilikosea kudhani kwamba mapokezi yaliyolipiwa ni ya uongo. Venice ni mji ambao wakazi wake wa kisiwani walivuka laki moja na sabini elfu mwaka 1951, na kufikia mwaka 2022 walikuwa wameshuka chini ya elfu hamsini. Mji huo unaishi kwa kungoja wageni. Mwendesha boti analipwa kama mwalimu anavyolipwa, na sijawahi kukubali kwamba mshahara wangu uliyafanya mapenzi yangu kwa wanafunzi kuwa ya uongo. Uwanja ule wa ndege umepewa jina la Marco Polo, mwana wa mji huo, aliyeondoka kwao mwaka 1271 na kurejea mwaka 1295. Katika kitabu chake alieleza habari za Zanzibar na watu wake, ingawa hakuwahi kufika, na mengi aliyoyasema kutuhusu hayakuwa kweli. Sisi hatupendi kuelezwa na mtu asiyetufikia. Lakini mimi nami, kabla ya kumfikia yule mtu, nilikwishakumwandika kichwani: mfanyabiashara, hajali, atafurahi kwenda nyumbani mapema.

Hoja ya mkate, hata hivyo, siikubali. Mkate hauna habari kama utaliwa au hautaliwa. Mwokaji naye, ukishauchukua, amekwisha nao. Lakini mtu anayengoja hajakwisha nawe. Unapomlipa mtu akubebee sanduku, unanunua nguvu za mikono yake. Unapomlipa akungoje, unanunua pia uangalifu wake, yaani unaomba kwamba kwa muda fulani awepo mtu duniani ambaye atatambua kama hukufika. Na mtu hawezi kutambua hivyo kwa macho tu. Akitambua kwamba hukufika, ataingiwa na mashaka, apende asipende, kama ana utu. Fedha ililipa saa zake. Haikulipa mashaka yake, wala haikuweza, kwa sababu mashaka hayakuwa katika mkataba. Aliyatoa mwenyewe. Kuyaondoa kungenigharimu hatua tatu na maneno mawili: nikamkaribie, nikamwambie samahani.

Hapo ndipo ninapoona kwamba hoja ya hiari imekosea mahali pake. Nilikuwa na hiari ya kutopanda boti. Hakuna aliyenilazimisha kukaa kwenye viti vya ngozi. Ningeweza kumwendea, kumwonyesha jina langu kwenye karatasi, na kumweleza kwa ishara kwamba nitapanda basi. Angeshangaa, angempigia simu mjukuu wangu, na shauri lingekwisha. Nilichokosa haki nacho ni kumwacha asijue. Mtu anaweza kukataa alichoandaliwa, lakini hana ruhusa ya kumwacha aliyemwandalia amesimama.

Lipo jambo moja zaidi, na ndilo linalonigusa kuliko yote. Nimesema kwamba nilikataa boti kwa sababu sikutaka kuwa bwana mkubwa. Hebu tujiulize, ubwana mkubwa uko wapi? Tazama maisha yetu. Wagonjwa humngoja daktari, si daktari anayewangoja. Wanakijiji hukaa juani wakimngoja kiongozi aliyeahidi kufika saa 4 asubuhi, naye hufika saa 9 alasiri, akapigiwa vigelegele. Mkubwa hangoji, hungojwa. Na anapochelewa au asipotokea kabisa, hatoi taarifa, kwa sababu saa za wale wanaomngoja hazimo katika hesabu zake.

Nje ya ofisi yangu ya chuo palikuwa na benchi la mninga. Wazazi waliotoka mbali, wengine kwa miguu, walikaa pale kuniona. Mara nyingi nilikuwa na kazi ya kweli. Mara nyingine, nakiri, nilikuwa nasoma gazeti. Na ziko siku nilizotoka kwa mlango wa nyuma kwenda nyumbani kula, nikijiambia kwamba watarudi kesho. Sikuwahi kuliita jambo hilo dhuluma. Sikuwa na gari la fahari, sikuwa na nyumba ya ghorofa, nilivaa kaunda suti mbili kwa zamu, nikajihesabu kuwa mtu wa kawaida. Kumbe ukubwa wangu wote ulikuwa umekaa kwenye lile benchi. Vivyo hivyo pale uwanjani: niliukimbia ukubwa katika boti, nikautenda katika ukumbi wa kuwasili. Kupanda kusingenifanya bwana mkubwa. Kumwacha mtu mzima amesimama na jina langu mikononi ndiko kulikonifanya hivyo.

Nimefikiri sana juu ya lile jina. Sisi walimu tunaishi kwa majina. Kila asubuhi kwa miaka mingi nilifungua daftari la mahudhurio nikaita, na kila mtoto akaitika, "Nipo." Jina lisiloitikiwa huacha ukimya darasani ambao kila mwalimu anaufahamu. Unainua macho. Unauliza, nani anakaa karibu na mwenzetu huyu? Anaumwa? Ilikuwa kazi ya mshahara, lakini sijawahi kuuona ukimya ule kama jambo la mshahara. Jioni ile jina langu liliitwa mara mbili katika ukumbi mkubwa wa nchi ya watu, na mimi, mwita majina, sikuitika.

Mahafali yalipita vizuri. Wahitimu walikusanyika katika uwanja wa San Marco wamevaa kofia zao, na mjukuu wangu alipozirusha pamoja na wenzake nililia kama wazee wanavyolia. Lakini kabla ya kuondoka nilimwomba jambo moja. Nilimwomba aagize tena boti, kwa watu walewale, ya kunirudisha uwanja wa ndege, na aombe aje yuleyule. Safari hii nililipa mwenyewe, kwa fedha nilizokusudia kununulia zawadi za nyumbani. Saa za ziada za safari ya kwanza nazo nilimrudishia mtoto, ingawa alikataa, kisha akakubali.

Boti ilipangwa saa 11 alfajiri. Nilishuka kwenye ngazi za majini saa 10 na nusu, nikakaa juu ya sanduku langu lenye gurudumu moja. Kulikuwa na baridi na ukungu. Maji yalikuwa yakipiga mawe polepole. Nusu saa ile nilifanya kazi ambayo sikuwahi kuifanya kwa hiari tangu nipewe ofisi: nilimngoja mtu. Nilisikia kila injini iliyopita mbali. Kila mara nilifikiri ndiyo yeye, na haikuwa yeye. Kisha wazo likaja, je, asipokuja? Nikaelewa kidogo, kidogo sana, jioni yake ilivyokuwa.

Alikuja dakika tano kabla ya wakati. Alifunga kamba, akatoa karatasi mfukoni, akaisogeza kwenye taa, akasoma jina langu kwa sauti, herufi zote mahali pake. Nilisimama nikavua kofia. Nikaitika kwa Kiswahili, kwa sababu ndilo neno lililokuja: "Nipo."

Mjukuu wangu, aliyekuwa amenisindikiza, alimweleza kwa Kiitaliano kwamba babu yake alimwona siku ile akampita, na anaomba radhi. Nilitaka aelezwe hivyo hasa, bila kusingizia uchovu wala macho ya uzee. Yule mtu alinitazama kwa muda. Alisema maneno machache, nami nikatafsiriwa: alidhani nimeanguka mahali peke yangu. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alichukua sanduku langu, akaniongoza kwa kiwiko hadi kitini, akawasha injini.

Tangu niliporudi nyumbani nimefanya mabadiliko madogo ambayo yanawachekesha jirani zangu. Nikimwahidi fundi baiskeli kwamba nitapita jioni, na nikashindwa, namtuma mtoto akamwambie. Nikimwagiza mama muuza maziwa, namngoja mlangoni. Rafiki yangu wa bao asema nimezidisha, kwamba fundi hana habari nami. Huenda. Lakini nimejifunza kwamba aliyepitwa hawezi kuthibitisha deni lake, kwa kuwa hajui kilichotokea, na deni lisiloweza kudaiwa ndilo linalohitaji zaidi mtu wa kulilipa kwa hiari yake. Msomaji naye, kama liko benchi nje ya mlango wake, atajua mwenyewe ni nani amekaa pale asubuhi ya leo.